Chokaa ya Mwisho Jezvice

Chini ya mji wa Jezvice kulikuwa na makaa ya mawe, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Hatukuyaweka sisi. Mji ulikuwepo kabla mtu yeyote hajajua kama makaa yana faida: kanisa la Mtakatifu Havel, uwanja wenye kisima cha mawe, kinu cha maji kwenye mto Bělka, na milima ya Krušné ikitukinga na upepo wa kaskazini. Wafalme walipita. Wajerumani wetu walikaa hadi vita vilipoisha, wakafukuzwa kila mtu na furushi lake, na mji ukabaki. Halafu wakaja watu wenye ramani, wakachora mstari mwekundu, mstari ukapita nyuma ya makaburi. Wakasema taifa linahitaji umeme. Sisi inaelekea hatukuwa taifa.

Vuli ile nusu ya mji ilikuwa imekwisha kubomolewa. Mto walikuwa wameutia ndani ya bomba. Makaburi walikuwa wameyahamisha yale yenye ndugu wa kudai, mengine wakayaacha yasubiri mtambo. Nyumba zilizobaki zilikuwa nyeusi kwa masizi, madirisha yamepigwa mbao, na katikati ya uchafu wote huo Otýlie Bartáková, mjane wa mzee Barták aliyepita miaka sabini, alikuwa juu ya ngazi anapaka nyumba yake chokaa.

"Mama, shuka jamani, utaanguka," alisema Květa, mke wa mwanawe, aliyekuwa chini ameshika ngazi kwa mikono miwili.

"Nikianguka nitakuangukia wewe. Umenenepa vizuri, sitaumia."

"Nyumba wanaibomoa, Mama! Wiki ijayo hapa pana shimo!"

"Wiki ijayo. Jumapili hii pana sikukuu."

Kwetu Jezvice sikukuu ya Mtakatifu Havel haikuingia kwenye nyumba chafu. Kabla ya Jumapili ile ya Oktoba kila nyumba ilipakwa chokaa, na mwanamke aliyeacha kupaka alisengenywa hadi sikukuu ya mwaka unaofuata. Mwaka huu watu waliacha. Kwenye mlango wa halmashauri palikuwa na tangazo: ni marufuku kufanya kazi yoyote ya kuboresha majengo yaliyo ndani ya mstari. Otýlie alilisoma, tena kwa miwani. Hata haikumpitia kichwani kwamba linahusu chokaa.

"Kuboresha ni kuongeza chumba," alimwambia Květa alipokumbushwa. "Kuboresha ni kubadili paa. Chokaa ni kunawa uso. Nani anaomba ruhusa ya kunawa uso? Nipe hiyo ndoo, na koroga vizuri, siyo kama unavyokoroga supu yako."

Květa akampa ndoo. Wanawake hawa wawili walikuwa wameishi chini ya paa moja tangu Květa alipoolewa, na hawakupitisha siku bila kurushiana maneno. Jirani akisikia kimya kwa kina Barták alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kufika jioni nyumba iling'aa. Ilionekana kutoka barabara kuu, kutoka kituo cha reli, hata kutoka ukingo wa shimo ambako mitambo ilikuwa inachimba.

*

Bahati mbaya, kesho yake walikuja wakubwa kutoka mji mkuu, Praha, kukagua kazi. Walisimama kwenye ukingo wa shimo na makoti yao marefu, na ndugu Vondrášek, mwenyekiti wa tume ya kuhamisha watu, akawa anawaonyesha kwa mkono: hapa tumemaliza, pale tumemaliza. Mmoja wa wakubwa akaelekeza kidole.

"Na ile nyeupe? Wale hawajaambiwa kwamba wanahama?"

Wenzake wakacheka. Vondrášek naye akalazimika kucheka, lakini masikio yalimwiva. Saa sita alikuwa ameshafika kwenye lango la kina Barták.

Ndugu huyu hakutoka mbali. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa hapo hapo uwanjani, na utotoni mwake alikuwa akiingia nyumba hii kila sikukuu bila kubisha hodi, akitoka na koláče, vile vimkate vitamu vya sikukuu, mbili mkononi na ya tatu mdomoni, jamu ya plamu hadi masikioni. Sasa alikuwa na koti jeusi na gari la serikali, na alibaki amesimama nje ya lango kama mtu anayeogopa kuumwa na mbwa.

"Bi Bartáková, nani amekupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, Luboš?"

"Ndugu Vondrášek."

"Haya, ruhusa ya nini, ndugu Vondrášek? Nimekupangusa kamasi kwa aproni hii hii, lakini haya, ndugu Vondrášek."

"Umepaka nyumba. Kuna tangazo. Wathamini walishapita, fidia ilishapangwa, na nyinyi mnaipamba nyumba ili ipande bei. Huko ni kulaghai taifa."

Květa alikuwa anaanika nguo. Akazitupa kwenye beseni, akaja mbio.

"Kulaghai? Kwa ndoo mbili za chokaa? Nyinyi mlivyokuja kuthamini mmeandika miti yetu ya plamu kuwa ni kuni! Miti inayozaa! Ghala la viazi lililochongwa kwenye mwamba mkaliita shimo. Kisima mkasema hakihesabiki kwa sababu maji yamekauka. Na nani aliyeyakausha? Si nyinyi na mashimo yenu? Halafu leo ndio mnakuja kutuambia laghai!"

"Punguza sauti, Bi Bartáková mdogo."

"Sipunguzi! Nipo uani kwangu!"

"Uani kwa serikali," alisema Vondrášek taratibu. "Tangu tarehe moja ya mwezi huu uani hapa ni kwa serikali. Kesho njooni ofisini, wewe na mumeo Bohumil. Bibi abaki."

Alipogeuka kwenda kwenye gari aliegemea ukuta kidogo, na mgongo mzima wa koti lake jeusi ukawa mweupe. Hakuna aliyemwambia. Otýlie alicheka hadi akashika ubavu, na Květa naye akacheka. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka pamoja katika nyumba ile.

*

Ofisini waliambiwa wasubiri kwenye benchi. Wakasubiri. Vondrášek alipita mbele yao akienda, akapita akirudi, akapita tena akienda kula, na mara zote tatu hakuwaona, ingawa ukumbi ule ni mwembamba kiasi kwamba ilibidi wakunje miguu ili apite. Bohumil alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Alikuwa fundi kwenye karakana ya mgodi, mtu mkubwa wa mwili na mpole, aliyekuwa akitengeneza minyororo ya mitambo ile ile iliyokuwa inaula mji wake. Kila fundi wa Jezvice alifanya kazi hiyo. Kazi nyingine haikuwepo.

Walipoingia, Vondrášek hakuwaambia wakae.

"Fleti yenu ni ya vyumba viwili, ghorofa ya saba. Nyumba mpya kabisa. Maji moto, lifti, kila kitu."

"Tunaijua," alisema Květa. "Tulienda kuiona. Mama ameshachagua chumba, kile cha dirisha la upande wa milimani. Ameshapima hata mahali pa cherehani."

"Mlikuwa mnaijua. Familia iliyojaribu kulaghai taifa inarudi mwisho wa foleni. Kwa sasa nilicho nacho ni mabanda ya wafanyakazi kule kwenye shimo la pili. Maji yapo nje. Na wewe Bohumil, sijui mgodi utasemaje ukisikia. Watu kama hao huwa hawaachwi karakanani."

Alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi.

"Ndugu Vondrášek, ni chokaa tu. Ni sikukuu. Wewe mwenyewe unajua."

"Mimi najua. Praha hawajui." Vondrášek akainuka, akafunga dirisha, sauti ikawa ya kirafiki, na hapo ndipo mtu angepaswa kuogopa. "Ingekuwa tofauti kama aliyepaka hakujua anachofanya. Mzee, akili imechoka. Hapo hakuna ulaghai. Hapo kuna ugonjwa, na tume inaelewa mambo ya ugonjwa."

"Mama mkwe wangu akili zake zinazidi za ofisi hii nzima," alisema Květa. "Alijua anachofanya. Na mimi nilishika ngazi. Andika hivyo."

Vondrášek hakumtazama. Alikuwa anamtazama Bohumil, akamwita kwa jina lake la utotoni.

"Fikiria, Bohouš. Hakuna haja ya kuandika chochote. Ni kusema tu, mbele ya tume, kwa mdomo wako."

Nje kwenye ngazi Květa alimshika mumewe ukosi wa suti.

"Hutasema. Sawa? Niangalie. Hutasema."

"Sijasema kitu."

"Nataka niambiwe hutasema!"

"Watu wanatuangalia, Květa," alisema Bohumil.

*

Kesho yake walimtoa Bohumil karakanani katikati ya kazi, mikono imejaa grisi. Hawakumpa nafasi ya kunawa. Mezani kulikuwa na Vondrášek, mtu wa mgodi, na mtu mwingine aliyekuwa akila tufaha kwa kisu. Mkononi mwao ndimo ilimokuwa fleti, na kazi yake, na kila kitu chake. Bohumil alisimama juu ya gazeti walilomtandikia asichafue sakafu.

"Mama yangu," alisema, "kichwa chake siku hizi si kizuri sana."

"Si kizuri ndiyo nini?" aliuliza yule wa tufaha. "Hata changu si kizuri asubuhi."

Wakacheka.

"Anasahau," alisema Bohumil. Ulikuwa uongo. Otýlie hakusahau hata deni la mayai la kabla ya vita.

"Sema wazi, ndugu Barták. Tuna wengine."

"Mama yangu hana akili timamu."

"Vizuri. Basi suala la chokaa limekwisha." Vondrášek akasogeza kiti. "Sasa, mtu asiye na akili timamu hawezi kukaa ghorofa ya saba kwenye jiko la gesi. Ni kanuni ya usalama. Amepatiwa nafasi kwenye nyumba ya wazee, Libná. Gari litamfuata Jumatatu baada ya sikukuu yenu. Mnaona, tumewaachia hata sikukuu."

Libná iko ng'ambo nyingine kabisa ya nchi, treni tatu na basi moja.

"Mimi sikusema apelekwe," alisema Bohumil. "Nimesema tu hana... Nyinyi ndio mlioniambia niseme!"

"Hakuna aliyekwambia kitu. Umesema mwenyewe, tumekusikia wote watatu. Na kwa kuwa mmebaki wawili, fleti ya vyumba viwili ni kubwa kwenu. Mtapata ya chumba kimoja. Ghorofa hiyo hiyo."

Na Bohumil Barták, mwanamume aliyeweza kuinua injini kwa mabega, aliitikia kwa kichwa, akasema asante. Akasema asante! Akaliokota na lile gazeti alilokanyaga, akalikunja, akatoka nalo. Jioni alirudi nyumbani, akala, akamsifia mama yake kwa weupe wa ukuta, akalala.

*

Květa aliyajua kwenye foleni ya bata bukini. Duka la nyama lilikuwa limebaki moja mjini, na siku mbili kabla ya sikukuu foleni ilifika hadi kwenye kisima. Nyuma yake alisimama Bi Pešková, mpiga chapa wa halmashauri, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza.

"Pole, mwenzangu," alisema Bi Pešková na kumshika mkono. "Hata sikuwa najua. Kukaa na mtu wa namna hiyo nyumbani, na jiko la moto, si mchezo. Afadhali mmempatia mahali."

"Mtu wa namna gani?"

"Si bibi. Bohouš ameeleza yote kwenye tume. Maskini, alivyokuwa ananyong'onyea... Libná ni pazuri lakini, wana bustani."

Wanawake waliokula sikukuu kwa Otýlie miaka na miaka wakaanza kuangalia viatu vyao. Květa angeweza kuondoka, lakini Jumapili ilikuwa inakuja na wageni walishaalikwa, kwa hiyo alibaki pale pale, macho mbele, hadi zamu yake ikafika, akachagua bata, akambishia mchinja nyama kuhusu mafuta, akafungiwa, akaenda zake. Bi Pešková alimwambia kwaheri. Hakujibiwa.

Bohumil alikuwa bandani anawapa sungura majani. Květa alimtupia bata kifuani.

"Hana akili timamu! Mama yako! Mwanaharamu mkubwa wewe!"

"Sema taratibu, atasikia."

"Asikie! Utamficha mpaka lini? Mpaka wamfunge kamba?"

"Mabanda, Květa! Ulitaka twende kwenye mabanda? Maji nje, baridi hii? Na mimi nifukuzwe kazi, tule nini?"

"Ndiyo! Ningekwenda kwenye mabanda! Ningelala kitanda kimoja na mama yako kwenye mabanda, mimi, ambaye kila siku ya Mungu ananiambia supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo! Yeye ni wako, ulinyonya kwake, na mimi ndiye niliyemtetea. Wewe ulipewa nini? Chumba kimoja!"

Bohumil akakaa juu ya sanduku la sungura.

"Nitamwambia mimi. Nakuomba kitu kimoja tu. Baada ya sikukuu. Mwache aile sikukuu."

Květa aliwaza kumpiga na reki iliyokuwa ukutani. Badala yake aliokota bata, akampangusa majani, akaingia jikoni, ambako mama mkwe wake alimwuliza kwa nini amenunua bata aliyekonda hivi, au alikuwa anamwonea huruma. Květa hakujibu kitu. Otýlie akashangaa, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

*

Jumapili watu walikuja wengi kuliko walioalikwa. Alikuja Miluše, binti wa Bohumil na Květa, na mumewe kutoka Plzeň, akaja Vincenc, kaka yake Otýlie, kutoka Louny, na wakaja majirani wa zamani waliokwisha kuhamishiwa maghorofani, ambao kanisa lao lilikuwa limefungwa na hawakuwa na pengine pa kwenda. Walikuja kwa miguu kutoka kituoni wakifuata ile nyumba nyeupe. Mzee mmoja aliweka kiganja kwenye ukuta, akakitazama kilivyotoka cheupe, na kukataa kunawa kabla ya kula.

Meza ilijaa. Bata, kabichi, matonge ya unga yanayotoa moshi, bia, na koláče za jibini na za plamu zimepangwa hadi juu ya kabati. Otýlie alikaa upande wa juu amevaa gauni jeusi la kanisani, anaamrisha.

"Vincenc, wacha mguu huo, ni wa mtoto."

"Mtoto yupi? Hapa mdogo kuliko wote ana miaka thelathini!"

"Basi ni wangu."

Wakacheka, wakala, wakazungumzia mji. Nani alikuwa na duka la kofia, maji ya mto yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko, ni nani aliyekuwa akipiga kengele kabla ya kengele kuchukuliwa na jeshi. Walitaja mitaa yote kwa majina, na mtu aliyesahau alisahihishwa na watu watatu. Bohumil hakunyanyua kichwa. Květa alizunguka meza anaongeza chakula, na kila alipopita nyuma ya mumewe alimruka.

"Kule juu nitakuwa naiona milima," Otýlie alikuwa anamwambia jirani. "Shimo pia nitaliona, lakini nitaweka pazia hadi nusu, upande wa chini, nibaki na milima tu. Bohouš, kitanda changu kitaingia kwenye lifti?"

Bohumil alitafuna.

"Bohouš! Nakuuliza kitanda."

"Tutaona, Mama."

"Tutaona nini? Si kupima tu."

"Mwambie," alisema Květa. Alikuwa amesimama na bakuli la kabichi.

"Květa, tulisema baada..."

"Nimesema mwambie! Anapanga mapazia! Mwambie sasa hivi au nitamwambia mimi mbele ya hawa wote!"

Bohumil aliweka uma chini, akaupanga sambamba na kisu, halafu akasema na sahani yake.

"Mama, wewe huendi kwenye fleti. Umepata nafasi Libná. Kesho watakuja na gari."

"Libná kuna nini?"

"Nyumba ya wazee."

"Na kwa nini niende nyumba ya wazee wakati nina mtoto?"

Miluše alianza kulia, mumewe akamshika goti chini ya meza.

"Ni ile chokaa," alisema Bohumil. "Walitaka kutunyang'anya fleti. Nilisimama mbele ya tume... Nikasema kwamba huna akili timamu. Ilibidi, Mama. Walinibana."

Otýlie aliweka kisu chini.

"Luboš alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ulisema mbele ya Luboš kwamba mimi ni kichaa."

"Ndiyo, Mama."

"Ukalia?"

Bohumil hakuelewa. "Nini?"

"Ulipokuwa unasema. Ulilia?"

"Hapana."

"Hata hukulia," alisema Otýlie.

Vincenc aligonga meza kwa ngumi, akasema huu ni ushenzi, watakwenda halmashauri wote kwa pamoja, kesho asubuhi, waone kama watathubutu. Alisubiri mtu aitikie. Lakini kila aliyekuwa pale alikuwa na fleti yake iliyotoka kwenye halmashauri ile ile, au mtoto anayesubiri fleti. Mmoja aliona saa ya treni imekaribia. Mwingine alikumbuka kwamba Libná alishawahi kufika, na kweli kuna bustani. Vincenc aliwatazama mmoja mmoja na kutukana, akakaa. Otýlie akasema bata anapoa, akachukua kisu na kukata, akamwekea kila mtu, hata Bohumil. Wakala. Sikukuu ilimalizika mapema.

*

Kwetu mgeni wa sikukuu hatoki mikono mitupu. Akiinuka hufungiwa chakula cha njiani, koláče na kipande cha bata kwenye kitambaa safi, na hiyo ndiyo ishara kwamba umepokelewa vizuri, sasa nenda kwenu. Jumapili ile Květa aliwafungia wote, hata wale walioitaja bustani. Akawakabidhi mlangoni bila kuwaangalia usoni.

Jumatatu gari lilikuja pamoja na wabomoaji. Wabomoaji walikuwa na mtambo wao, na kwa kuwa walikuta watu bado wamo, walikaa kwenye ukingo wa barabara wakavuta sigara. Kwenye gari kulikuwa na dereva na nesi kijana aliyeinama na kumpigia Otýlie kelele usoni:

"Haya bibi! Twende tukatembee! Utapenda!"

"Nasikia vizuri, binti, usinitemee mate. Cherehani iko kwenye korido."

"Cherehani haiendi, bibi. Ina sindano."

"Ala! Cherehani ina sindano! Kumbe!" Otýlie alimgeukia Květa. "Umesikia? Halafu mimi ndiye kichaa."

Květa alimfunga kitambaa cha kichwa. Akafungua, akafunga tena. Alikuwa analia kwa hasira, machozi yanaingia mdomoni.

"Nitakuja kila mwezi, Mama."

"Njoo. Usilete supu." Halafu, kwa sauti ndogo, ingawa hata nesi aliisikia, "Wewe njoo. Yeye asije."

Bohumil alitoka ndani. Alikuwa hajui afanye nini, amezunguka nyumba tupu tangu alfajiri, na mwishowe mikono yake ilifanya kile alichozoea kuona kikifanywa mtu anapoondoka. Alikuwa ameshika kifurushi cha kitambaa cheupe, amekifunga mafundo mawili, vizuri kabisa.

"Ya njiani, Mama," alisema.

Otýlie alikitazama kile kifurushi.

"Bohouš," alisema, "hiki wanapewa wageni."

Akatia mikono yake yote miwili ndani ya mifuko ya koti, akaingia garini peke yake, bila kushikwa, na kuketi. Nesi akafunga mlango. Gari likapita kwenye uwanja, likazunguka kisima, likashika barabara ya kituo, na Otýlie hakugeuka kutazama nyuma, wala mlima, wala nyumba.

Bohumil alibaki langoni ameinua mikono na kifurushi chake. Mmoja wa wabomoaji alitupa sigara, akauliza kwa heshima kama sasa wanaweza kuanza.

"Subirini," alisema Květa. "Kuna mgeni hajala." Akamgeukia mumewe. "Kula."

"Květa..."

"Umefungiwa, umekaribishwa, umeshiba kwa mwanamke yule miaka hamsini na kitu. Kula, halafu uende kwenye chumba chako kimoja. Mimi naenda kituoni kuuliza treni za Libná."

Akachukua koti lake, akaondoka kwa miguu. Bohumil aliangalia barabara, akawaangalia wabomoaji. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akafungua fundo la kwanza na la pili, na kwa kuwa tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni, akala. Wabomoaji walimsubiri hadi alipomaliza.